Nilijiunguza na mafuta ya karafuu

Mwaka juzi nilirudi Dar kutoka Pemba na kichupa cha mafuta ya karafuu, kidogo tu cha mililita 10, nilikinunua Chake Chake kwa mama mmoja anauza viungo, na siku ya tatu nikajiunguza nayo shingoni. Sio moto, mafuta yenyewe. Nilikuwa nimetoka kwenye foleni ya Mbagala masaa mawili, shingo imekakamaa, nikasema ngoja nijipake haya si ya asili bwana. Nikamimina kiganjani nikasugua. Dakika tano nyingi, shingo inawaka kama nimepakwa pilipili, nikakimbilia bombani nikamwagia maji, kumbe ndo nayasambaza maana mafuta na maji wapi na wapi, ilitakiwa nipake mafuta ya nazi kwanza, nifute na kitambaa, ndo nioshe na sabuni.

Nikampigia bibi kulalamika. Akacheka mpaka akakohoa. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, karafuu ngapi watia kwenye sufuria la pilau?" Nikamwambia nne, tano. "Basi wewe umejipaka mti mzima."

Na ni kweli, maana haya mafuta yanatolewa kwa mvuke, majani au makonyo kibao yanaingia kwenye pipa yanatoka mafuta kidogo tu. Pale Wawi, hukohuko Pemba, kuna kiwanda cha makonyo, ukipita harufu inakupokea kabla hujakiona. Makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki ukishachambua karafuu. Ndani yake kuna kitu kinaitwa yujenoli, hicho ndo kinachotia ganzi jino, ndo maana kwa daktari wa meno kunanukia karafuu, na hichohicho ndo kilinichoma.

Sasa hivi napima. Karafuu tone moja kwenye vijiko viwili vya chai vya mafuta ya nazi, basi. Lavenda ni pole kidogo, matone mawili kwa kijiko kimoja. Na kabla ya kupaka popote najaribu kwanza kwenye mkono kwa ndani, nalala nayo, asubuhi nikiona pako sawa naendelea. Kunywa sinywi hata tone, najua kuna watu online wanawaambia mtie kwenye chai, mi simo.

Ninayoipenda zaidi lakini ni mchaichai. Difyuza, kile kifaa cha kusambaza harufu chumbani, nilinunua Kariakoo ikafa mwezi haujaisha, sikununua nyingine, natia maji ya moto kwenye bakuli, matone matatu ya mchaichai, naweka mezani nikifika kutoka kazini na dirisha nafungua kidogo. Sikwambii inatibu kitu, ila zile kelele za makonda zinatoka kichwani. Mbu nao wanapungua kidogo, ila chandarua sijatoa, usinielewe vibaya. Kuhusu kununua, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe uache mpaka kesho, mchaichai safi unapotea au unaacha alama hafifu tu, likibaki duara la mafuta kama la chapati ujue umeuziwa mafuta ya kula yenye harufu.

Mkaratusi natumia nikiwa na mafua tu, na mtoto wa dada akija kichupa kinapanda juu ya kabati. Ana pumu yule, na watoto wadogo hawafai kupakwa mkaratusi puani wala kufunikwa blanketi na sufuria la maji ya moto.

Kinachonichekesha ni kwamba nililipia hela kujifunza haya mambo ya aromatherapi, yaani kujitunza kwa harufu za mafuta ya mimea, kwenye simu wakati nimekulia nyumba ambayo Alhamisi jioni chetezo kinazunguka kila chumba na udi, na bibi hajawahi kulala bila kikuba, kile kifungu cha maua ya asumini na rehani, chini ya mto. Juzi nimemuuliza kwa nini anaweka hicho kikuba, nikitegemea maelezo marefu. Akasema, "Kinanukia."