Fundi Wake Alikuwa Nani?

Treni ilipopunguza mwendo Ngerengere nilisogea dirishani nikaangalia upande wa kambi, ingawa nilijua sitaona zaidi ya miti na vumbi. Nilizaliwa kambini pale. Mwaka 2006 niliondoka Morogoro kwa basi la alfajiri, nikachukua karibu saa nne kufika Dar. Novemba 2024 nimerudi kwa treni ya umeme, chini ya saa mbili, mkononi nikiwa na bahasha ambayo sikuthubutu kuiweka kwenye begi. Ndani yake kulikuwa na jibu la swali ambalo baba aliniuliza miaka minne iliyopita.

Baba alikuwa fundi wa ndege za kivita katika jeshi letu. Kazi alifundishwa na Wachina, wale waliotujengea uwanja wa Ngerengere, na hadi leo akihesabu nati au misumari huanza kwa Kichina. Hana hadithi nyingi. Sisi watoto tulijua tu kwamba wakati wa vita vya Kagera alipelekwa Mwanza, na kwamba sikio lake la kulia liliharibiwa na injini. Ukitaka akusikie, kaa kushoto kwake.

Nilimkuta chini ya mwembe, nyumbani Kihonda, Morogoro. Mama alishanipokea getini kwa vigelegele na machozi. Baba hakusimama, magoti hayamruhusu.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, mama. Umekula?”

Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Miaka 18 sikuwa nimeitwa hivyo ana kwa ana. Kaka yangu alipofariki sikuja kumzika, makaratasi yangu kule Marekani yalikuwa hayajakamilika, na baba hakuwahi kuniuliza kwa nini. Siku ile pia aliniuliza kuhusu chakula tu.

Sasa nieleze bahasha.

Kule Marekani, jimbo la Maryland, nilifanya kazi ya kutunza wazee, zamu za usiku. Tarehe 4 Februari 2020 nilikuwa chumbani kwa mzee mmoja, televisheni inaonyesha Rais wa Marekani akilihutubia Bunge. Katikati ya hotuba akatambulishwa mzee mweusi aliyevaa sare, aliyekaa na kitukuu wake wa kiume. Akasimama, akapiga saluti. Alikuwa na miaka 100, na siku hiyo hiyo alikuwa amevishwa cheo cha brigedia jenerali. Jina lake Charles McGee, rubani wa vita. Wiki ile ile nilienda Washington, kwenye jumba la makumbusho la historia ya Wamarekani Weusi, nikasimama chini ya ndege ndogo ya mafunzo iliyoning'inizwa darini, ya bluu na njano, iliyofundishia vijana kule Tuskegee, Alabama. Nilisimama pale muda mrefu. Nilikuwa namuona baba chini ya bawa lake na spana mkononi.

McGee alizaliwa Cleveland, Ohio, Desemba 1919. Tarehe 17 Oktoba 1942, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alimwoa Frances Nelson. Siku chache baada ya harusi ikaja barua ya jeshi. Wakati ule jeshi la Marekani lilitenga watu kwa rangi, na wakubwa wengi waliamini mtu mweusi hawezi kurusha ndege ya vita. Mafunzo ya marubani weusi kule Tuskegee yalianzishwa kama jaribio, na wengi walisubiri lishindwe. Likatoa marubani karibu 1,000.

McGee alipata mabawa yake, yaani alihitimu urubani, Juni 1943, na mapema mwaka uliofuata alikuwa Italia. Alianza kwa kulinda bandari ya Napoli kwa ndege isiyofaa sana. Baadaye kikosi chao kilihamia Ramitelli, pwani ya Adriatiki, wakapewa ndege za kivita za P-51 na kuzipaka mikia rangi nyekundu. Kazi yao kubwa ilikuwa kusindikiza. Nalipenda neno hilo, kwetu mgeni husindikizwa mpaka kwenye kona, na ukimpenda sana unavuka kona. Wao walizisindikiza ndege nzito za mabomu hadi ndani kabisa ya Ulaya iliyoshikwa na Wajerumani, kisha wakarudi nazo. Tarehe 24 Agosti 1944, kwenye anga ya Chekoslovakia, McGee aliangusha ndege ya Kijerumani iliyokuja kuzishambulia.

Mwisho wa mwaka huo alirudishwa nyumbani kuwa mwalimu wa marubani. Wenzake wengine walirudi baadaye. Alexander Jefferson, ambaye ndege yake ilidunguliwa Ufaransa na yeye akafungwa na Wajerumani, alisimulia kwamba meli ilipomfikisha New York mwaka 1945 alikuta kibao mwisho wa ngazi: Wazungu huku, Weusi kule. Mtu ametoka kifungoni kwa adui, na kitu cha kwanza nchi yake inachomwambia ni apite upande gani. Simulizi hiyo ilinikaa kifuani miaka yote niliyoishi kule.

McGee alibaki jeshini miaka 30. Aliruka safari za vita 137 katika Vita Kuu ya Pili, 100 Korea, 172 Vietnam. Jumla 409, na hiyo ndiyo namba inayotajwa kila anapotajwa. Mimi nikiisoma namuona Frances. Mara 409 mumewe amepaa na yeye yuko mbali, hajui kama ndege imetua. Kati ya vita na vita akafunga vyombo tena na tena. Frances alifariki mwaka 1994, wakiwa wameoana zaidi ya miaka 50.

Haya yote nilimsimulia baba kwa simu, napaza sauti ili anisikie. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Halafu akauliza, “Huyo bwana, fundi wake alikuwa nani?”

Sikuwa na jibu, na niliona aibu. Nimekulia nyumbani kwa fundi, lakini ilikuwa haijanipitia akilini kwamba safari 409 maana yake kuna mtu chini aliyefunga kila nati. Nikaanza kutafuta. Ndege ya McGee kule Italia iliandikwa Kitten ubavuni, yaani kipaka. Ndilo jina la mapenzi alilomwita Frances. Lakini McGee mwenyewe alisema lilikuwa na sababu ya pili: mkuu wa mafundi wake, Nathaniel Wilson, aliitunza ile injini hata ikawa inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Mke na fundi, katika jina moja.

Nilijaribu kumwambia baba kwa simu mara mbili, hakusikia vizuri. Nikaamua nitamletea mkononi. McGee alifariki Januari 2022, akiwa na miaka 102, usingizini. Nilipolia, mwenzangu wa zamu aliniuliza kama ni ndugu yangu. Binti wa McGee ndiye aliyeandika kitabu cha maisha ya baba yake, tena mzee akiwa hai, anaweza kumsahihisha. Nilipolijua hilo ndipo nilipoanza kuweka akiba ya nauli ya kurudi moja kwa moja.

Siku ya tatu baada ya kufika nilikaa kushoto kwa baba nikamfungulia bahasha. Picha ya P-51, na jina nililoliandika kwa herufi kubwa. Nikamsomea. Akaomba nimsomee tena.

“Wilson,” akasema. “Sasa huyo ndiyo mtu.”

Akaichukua picha akaanza kunionyesha kwa kidole mahali injini ilipo, na mahali ambapo yeye angepachungulia kwanza kila asubuhi. Nikafungua daftari. Akaingia Mwanza mwenyewe bila kuulizwa. Machi 1979 ndege ya Libya iliyotumwa kumsaidia Amin ilikuja kuupiga mji, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala. Baba alisikia kishindo akiwa na spana mkononi. Akanitajia majina ya mafundi wenzake mmoja mmoja, nami nikawa naandika bila kumkatiza.

Mama alikuwa anachambua mchele mlangoni. Akaweka ungo chini.

“Andika na hili,” akasema. “Tarehe 11 Aprili redio ilitangaza Kampala imetekwa. Wanawake wote wa kota walitoka nje wanagonga sufuria. Mimi nilibaki ndani na kaka yako mgongoni. Redio ilisema Kampala. Haikusema Mwanza.”

Baba alimgeukia. Miaka 45, na alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza. Akaniomba nimpishe kiti changu, ili mama akae kushoto.