Karatasi ya Ahadi Ruaraka

Mwaka ule ahadi za waoblati, yaani watu wanaojiunga na monasteri huku wakiendelea na maisha yao ya kawaida, ziliwekwa Jumamosi iliyofuata sikukuu ya Mtakatifu Benedikto, 11 Julai, na baridi ya Nairobi ilikuwa imeshika kwelikweli. Kabla ya Misa, mlezi wa waoblati, bruda mpole lakini asiye na mchezo kwenye maandishi, alikusanya karatasi za ahadi katika sakristia ya wamonaki kule Ruaraka akazisoma moja moja. Mimi nilishika kalamu za akiba.

Mbili zilirudishwa. Moja ilichapwa kwa kompyuta na kuzungushiwa maua pembeni. Ilipendeza, lakini Sura ya 58 ya Kanuni, mwongozo wa Mtakatifu Benedikto kwa wamonaki, inamtaka mmonaki aandike hati yake kwa mkono. Asiyejua kuandika huandikiwa, naye hutia alama na kuiweka altareni mwenyewe. Waoblati, ambao wengi ni walei, wameazima desturi hiyo.

Ya pili iliandikwa kwa mwandiko safi sana, ila haikutaja monasteri.

“Mama, utaifuata Kanuni pamoja na nani?” bruda akauliza.

Mama huyo, muuguzi, aliliacha jina hilo makusudi. Alitarajia kuhamishiwa Kisumu, akahofu kwamba akiondoka ahadi ingevunjika. Hapo ndipo wengi hupotea. Wabenediktini si jeshi lenye makao makuu na matawi. Kila monasteri ni familia inayojitegemea, na mwoblati hujiunga na familia moja. Akihamia Kisumu atabaki wa nyumba ileile, atasali nayo kutoka huko. Akitaka kuhamia monasteri nyingine moja kwa moja, wakuu wa nyumba zote mbili hukubaliana. Akaandika upya, jina la nyumba likiwa mstari wa pili.

Hati yenyewe ni fupi: jina, monasteri, tarehe, na kwamba mtu anajitoa kwa Mungu na kuahidi kuyageuza maisha yake kwa roho ya Kanuni “kadiri hali yangu inavyoruhusu”. Maneno hayo manne yanabeba mengi. Si nadhiri za kitawa: mwenye mke anabaki na mke, mwenye shamba na shamba lake. (Mke wa fundi seremala mmoja alikuwa amekuja mapema kuhakikisha mumewe angerudi nyumbani jioni ile.) Kinachotakiwa ni Masifu ya Asubuhi na ya Jioni, hata kama ya jioni yanasaliwa ndani ya matatu kwenye foleni ya Thika Road, kusoma Maandiko polepole, na kipande cha Kanuni, yenye sura 73, kila siku. Wote walikuwa wamejaribiwa kwa mwaka mzima na zaidi tangu wapewe Kanuni na medali.

Altareni, chini ya kila hati tuliweka ubao mwembamba, maana kitambaa hubonyea na kalamu hutoboa karatasi. Kalamu ya wino mzito haifai. Hukawia kukauka ikachafua kitambaa.

Baada ya kutia sahihi waliimba aya ya Zaburi: “Unipokee, Bwana, kama ulivyoahidi, nami nitaishi.” Huimbwa mara tatu, na kwa desturi kila mara sauti hupanda kidogo, jumuiya ikirudia. Kwa hiyo mwanzishaji sharti aanzie chini kabisa. Seremala alianzia juu kwa furaha. Mara ya tatu sauti zikakatika, wawili wakabaki wakisogeza midomo tu. Wamonaki walishusha walipojibu, wakamalizia kwa Atukuzwe Baba.

Hati zilibaki altareni hadi mwisho wa Misa, kisha majina yakaandikwa kwenye daftari la waoblati. Muuguzi aliomba aende na yake. Bruda akakataa: Kanuni inasema hata mmonaki anayeondoka harudishiwi hati yake. Akamruhusu aipige picha kwa simu, halafu akaifungia kabatini pamoja na nyingine.