Riwaya ya mauaji kijijini pwani: wasomaji huanza na maji

Wasomaji wa pwani wakiijadili riwaya ya upelelezi iliyowekwa katika kijiji kama Paje au Jambiani, muuaji huja baadaye. Kwanza wanakagua kujaa na kupwa kwa maji, na wana haki.

Mwandishi akisema usiku wa mwezi 14 wa mwandamo, saa nne, mtu alisukuma ngalawa akaenda kutupa maiti, kitabu kimeshamfia mkononi. Mwezi 14 ni bamvua, maji yanayojaa sana na kupwa sana. Unguja bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Saa hiyo ngalawa imelala mchangani, pwani kavu mbele yake, na mwezi uko juu kiasi cha mtu kuonekana kutoka barazani. Mwezi 29 maji ni yale yale, ila giza; muuaji mwenye akili angengoja usiku huo, akaenda kwa miguu. Hadithi ikihitaji maji tele saa nne, isogezwe mwezi 7 au 8, kwani kila siku maji huchelewa takriban dakika 50. Lakini hayo ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana.

Nyayo nazo zina saa. Zikionekana saa moja asubuhi ya bamvua, chini ya pale maji yalipofika, zimekanyagwa baada ya saa kumi alfajiri. Halafu kuna wanawake wa mwani, ambao asubuhi hizo hushuka na maji, wakatawanyika penye vigingi na kamba zao za mwani. Kuwaacha nje ya orodha ya mashahidi ni kosa kubwa.

Pepo za kaskazi na kusi waandishi wengi huzipatia. Maziko ndiyo huwashinda. Maiti huzikwa upesi, mara nyingi siku ile ile. Anayetaka uchunguzi wa hospitali lazima kifo kitiliwe shaka mapema, sheha, yaani kiongozi wa serikali hapo kijijini, aarifiwe, polisi wafike kabla jeneza halijatoka. Wakichelewa, ushahidi unabaki kwa waosha maiti. Wameiona shingo, wamelishika jeraha, na dini inawataka wamsitiri marehemu. Muosha anayeropoka yote mara tu anapoulizwa haaminiki hata kidogo. Mpelelezi mzuri humweka mwisho, tena humwuliza habari za sanda tu: pamba ilitumika kiasi gani, na mbona ilibidi kuagiza nyingine.