Siku moja maishani mwangu: Jumapili ya kura mjini Esch, Luxembourg

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, tarehe 8 Oktoba 2023, niko jikoni na chai ya tangawizi. Mimi mzaliwa wa Tanga, uraia wa Luxembourg nimeupata mwaka jana baada ya mtihani wa lugha yao, na leo nimeitwa kusaidia kuendesha kituo cha kura.

Saa moja, ngazini, nakutana na mzee wa ghorofa ya pili. Ni Mreno, amejenga nusu ya mtaa huu kwa mikono yake, lakini kura ya Bunge haimhusu kwa kuwa hakuchukua uraia. Karibu nusu ya wakazi wa nchi hii ni wageni. Mwaka 2015 wananchi waliulizwa kama wageni nao wachague wabunge, na karibu asilimia 80 wakakataa. Iliniuma, maana nami nilikuwa mgeni. Mzee ananiambia, "Nenda mwanangu, ukahesabu vizuri."

Saa mbili kamili tunafungua, baada ya kuhakikisha kwamba sanduku ni tupu. Hapa kupiga kura ni lazima kisheria mpaka umri wa miaka 75, kwa hiyo foleni ina kila aina ya mtu: wa mkongojo, wa kitoto mgongoni, wa sare ya kazi.

Karatasi yenyewe ni kubwa kama kitambaa cha meza. Jimbo letu la Kusini hutoa wabunge 23 kati ya 60, basi kila mpiga kura ana kura 23. Ukitaka, unaweka alama juu ya orodha ya chama kimoja na zote zinakwenda huko. Au unazigawa kwa watu wa vyama mbalimbali, mtu mmoja asizidi kura mbili. Hili nalipenda sana. Unaweza kukikataa chama na bado ukamheshimu mtu wake mmoja mchapakazi.

Saa nane mchana tunafunga mlango na kumwaga karatasi mezani. Za chama kimoja zinaisha upesi. Zilizochanganywa ndizo kazi: mmoja anasoma jina, mwingine anaandika, wa tatu anahakiki. Koo linakauka. Karatasi moja ina alama 24, imeharibika. Aliyeijaza alichagua kwa utulivu, jina kwa jina, akazidisha moja tu. Tuliihesabu mara tatu tukitumaini tumekosea sisi.

Usiku, nyumbani, runinga inatangaza: chama cha upinzani CSV viti 21, na serikali ya vyama vitatu ya Waziri Mkuu Xavier Bettel imeshuka kutoka viti 31 hadi 29. Chama cha Kijani, kimoja cha hivyo vitatu, kimebaki na viti 4 kati ya 9 kilivyokuwa navyo.

Mzee anagonga mlango. "Zimetimia?"

"Zimetimia, mzee wangu."

Namkaribisha chai, namsimulia ile karatasi ya alama 24.