Mamu, tikisa bidole ya miguu

Kwenye faili alikuwa na jina la Kifaransa, refu, lenye kistari katikati. Niliinama chini ya vitambaa vya kijani, mdomo wangu ukakaribia sikio lake, nikaliita mara tatu. Kimya. Daktari wa upasuaji alikuwa amesimama mikono juu, glavu zina damu, anasubiri. Mgongo wa mtoto ulikuwa wazi, vyuma viwili vimeshakazwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kama miguu bado inatii.

Mimi ni muganga wa usingizi hapa Lubumbashi, Kongo. Kama kuna dakika zilizoniotesha mvi, ni zile.

Msichana huyo alikuwa na miaka 13 na mgongo uliojikunja kama herufi S. Kuunyoosha ni kuuvuta. Ukivuta mifupa, unauvuta pia ule uti laini uliomo ndani yake, pamoja na vijishipa vya damu vinavyoulisha. Damu ikipungua huko, miguu inapooza polepole na hakuna anayelia, maana mwenye miguu amelala. Na ni mimi niliyemlaza.

Mashine ya kulinda miguu hiyo ipo. Niliiona nilipokwenda mafunzo Afrika Kusini. Sindano nyembamba huchomwa kwenye kifundo cha mguu na kwenye ngozi ya kichwa. Umeme kidogo unapigwa kifundoni, unapanda kwenye neva hadi ubongoni, na ukifika umedhoofika mno, sehemu za milioni za volti. Kwa hiyo mashine hurudia mamia ya mara na kuchukua wastani mpaka wimbi lijitenge na makelele. Likipungua nusu, au likichelewa kwa asilimia 10, mtaalamu anapaza sauti. Wanapandisha presha ya damu, wanakagua nyaya, wanalegeza vyuma.

Hiyo ndiyo barabara ya kupanda, ya hisia. Ile ya kushuka, inayobeba amri za kutembea, hupimwa kivyake. Mwaka 1980 huko London, watafiti Merton na Morton walionyesha kwamba umeme ukipigwa juu ya kichwa, kupitia fuvu, misuli ya mwili inajibu. Siku ya kwanza nilishtuka: mgonjwa aliruka mezani! Meno yanabana kwa nguvu, ndiyo maana huwekwa shashi iliyoviringishwa kati ya magego, ama sivyo ulimi utakatika. Barabara zote mbili lazima zichungwe, kwa sababu mtu anaweza kuzinduka akihisi kila unapomgusa, lakini mguu hauinuki. Na kwenye uvimbe wa kichwani karibu na sikio, mashine hiyo hiyo ina spika: chombo kikigusa neva ya uso, inalia kama bisi kwenye sufuria.

Kwetu mashine haipo. Tuna njia ya daktari Stagnara na wenzake wa Lyon, Ufaransa, waliyoiandika mwaka 1973: mwamshe mgonjwa, mgongo ukiwa bado wazi, umwambie achezeshe miguu. Gesi naipunguza mapema, dawa ya kulegeza misuli naiacha iishe kabisa. Kwanza namwambia akaze mkono wangu. Neva za mikono zinatoka kwenye uti juu zaidi ya mahali tunapofanyia kazi. Asipoikaza, basi bado amelala, au hajanielewa. Akiikaza na miguu ikabaki imelala, hapo tuna msiba, vyuma vilegezwe sasa hivi. Wakati wote huo amelala kifudifudi, mpira wa kupumulia uko kooni, na akikohoa vibaya unaweza kuchomoka.

Basi, siku ile mkono haukukazwa. Daktari akainama, akamwamuru kwa Kifaransa, kwa sauti ya darasani. Nilitaka kucheka na kulia. Mtoto ametoka Kasenga, kwao wanasema Kibemba, na Kiswahili amekizoea kwa shangazi yake, hapa mjini, mtaa wa Katuba. Kifaransa cha nani hicho saa hiyo?

Ndipo nikakumbuka koridoni, asubuhi. Mama yake alikuwa ameshika kitanda cha magurudumu akimwambia, “Mamu, usiogope.”

Nikarudi sikioni. “Mamu. Mamu, kaza mukono yangu.”

Vidole vikakaza. Vidogo, vya baridi.

“Mamu, tikisa bidole ya miguu.”

Mwenzangu aliyekuwa ameinua kitambaa upande wa miguu akasema, “Wa kuume.” Halafu akanyamaza. Sijui alinyamaza sekunde ngapi, mimi nilihesabu mwaka. “Na wa kushoto.”

Nikamrudisha usingizini.

Najua njia hii ina upungufu. Inajibu mara moja tu. Uti ukidhurika dakika 20 baadaye, hatutajua mpaka jioni. Mashine haichoki kuuliza. Nikipewa leo, nitaipokea kwa mikono miwili, na jenereta yake pia.

Lakini tangu Mamu, siku ya kuamkia upasuaji naenda wodini, nafanya mazoezi na mgonjwa, mkono kwanza, miguu baadaye, kisha nawauliza ndugu zake: nyumbani munamuitaka nani? Jibu naliandika kwenye plasta, naibandika mkononi. Wiki iliyopita plasta ilisomeka Bebe. Bebe ana miaka 46, ni mchimbaji, ana ndevu mpaka kifuani. Alitikisa vidole vyote kumi.