Nilivyoamua methodi zangu zirudishe nini

Mfumo wa ada za shule niliokabidhiwa uliandikwa enzi za PHP 5, toleo la zamani la lugha ya programu ya PHP, na methodi zake (vipande vya msimbo unavyoviita kwa jina vifanye kazi na kukurudishia jibu) zilirudisha chochote. Ya kumtafuta mwanafunzi ilirudisha `Mwanafunzi` akipatikana, `false` asipopatikana, na maandishi ya kosa hifadhidata ikigoma. Aliyeiita alipaswa kukumbuka hali zote tatu.

Tangu toleo la 7.0, la mwaka 2015, PHP inakuruhusu kutangaza aina ya jibu, na 7.1 ikaongeza alama ya `?` kwa jibu linaloweza kuwa `null`, yaani hakuna thamani. Zana zilikuwepo, kazi ilikuwa kuamua. Kila mara nilianza na anayeiita methodi: akishapata jibu, analifanyia nini?

Orodha hazikunichukua muda. `malipoYa()` hurudisha `array` daima, hata tupu. `foreach`, inayopitia vitu kimoja kimoja, hupita kwenye orodha tupu bila shida, lakini kuhesabu `null` kwa `count(null)`, kuanzia PHP 8.0, huangusha ukurasa.

Zilizonifikirisha ni mbili zinazofanana kwa nje: jumla iliyolipwa na tarehe ya malipo ya mwisho. Kwa mwanafunzi ambaye hajalipa chochote, hifadhidata ya MySQL hujibu `NULL` kote kuwili, kwa `SUM` (jumla) na kwa `MAX` (tarehe ya karibuni zaidi). Maana zake ni tofauti kabisa. Asiyelipa amelipa shilingi 0, na hilo ni jibu kamili, kwa hiyo `jumlaIliyolipwa(): int` (namba nzima), na `NULL` naigeuza kuwa 0 humo humo ndani. Tarehe haina sifuri yake. Wapo wanaoweka 1970-01-01, siku ambayo kompyuta nyingi huanzia kuhesabu muda, nami napinga kwa nguvu zote, maana siku moja mzazi ataisoma kwenye taarifa ya mwanawe na kuuliza. Nikaandika `tareheYaMwisho(): ?DateTimeImmutable`, na ukurasa ukikuta `null` unasema “Bado hajalipa”.

Kumtafuta mwanafunzi nilikugawa. `tafuta(): ?Mwanafunzi` ni ya kisanduku cha kutafutia, ambako kukosa ni kawaida. `mpate(): Mwanafunzi` ni ya kupokea malipo, ambako namba isiyo na mwenyewe ni hitilafu, basi inarusha eksepsheni, yaani kosa linalosimamisha kazi lisiposhughulikiwa. Uwe makini hapa na PDO, njia ya PHP ya kuzungumza na hifadhidata: `fetchObject()` isipopata rekodi hurudisha `false`, si `null`, na PHP itaikataa `false` hiyo kwenye methodi iliyoahidi `?Mwanafunzi`. Igeuze kwanza.

Iliyobaki ni `pokeaMalipo()`, iliyokuwa ikirudisha `true` au `false`. Kwenye fedha sikubali `false` inayoweza kupuuzwa: msimbo ukisahau kuiangalia, skrini inasema malipo yamepokelewa na hifadhidata haina kitu. Halafu hata `true` haikumtosha mhasibu, kwani ilibidi aende kuitafuta namba ya risiti upya. Sasa methodi hiyo inarudisha `Risiti`, au inarusha eksepsheni, na mhasibu anachapisha pale pale mzazi akiwa dirishani.