Mtu wa kangomba katika nchi ya majini

Shemeji yangu alipomtaja mhusika wake katika mchezo wetu wa kubuni hadithi mezani, mwalimu aliweka kikombe chini.

"Mimi mtu wa kangomba," alisema shemeji. "Sina upanga, sina uchawi. Nina bakuli na daftari."

Muuguzi akacheka, fundi simu akacheka. Mwalimu hakucheka.

Tulikuwa Mikindani, barazani kwa shangazi, miezi michache baada ya ule msimu wa korosho wa 2018. Novemba ya mwaka ule Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, magari ya jeshi yakaja kusini kuzibeba, na mkulima kabla hajalipwa akawa anahakikiwa: mzigo huu umetoka shambani kwako kweli, au ni wa kangomba? Mtu wa huku haelezwi kangomba ni nini. Wa mbali aelewe hivi: kuna mtu anakuja wakati wa njaa, mikorosho bado ina maua, anakupa hela ya unga, na mavuno yakifika anayachukua kwa bei ya siku ile ya njaa na kwa kipimo cha bakuli lake mwenyewe. Baba yake mwalimu, kule Newala, alishauza hivyo zaidi ya msimu mmoja. Sote tulijua, na shemeji alijua.

Mchezo wetu ulikuwa Dungeons & Dragons, ule uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Fundi simu alizipakua kanuni za msingi za toleo la tano, zilizowekwa bure mtandaoni mwaka 2014, tukazichapa steshenari na kuzibana kwa pini. Kila mchezaji ana mhusika wake. Msimulizi, yaani mimi, ndiye dunia nzima iliyobaki: hali ya hewa, maadui, mama ntilie, mbwa wa njiani. Ukitaka kufanya jambo lisilo na uhakika unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha uwezo wako, na ukifikia kiwango alichoweka msimulizi umefaulu. Dadu ya pande 20 Mtwara hatukuipata. Tulichukua korosho 20 ambazo hazijabanguliwa, tukaziandika namba kwa maka peni, tukazitia kwenye mfuko wa kitambaa. Unachomoa moja, unasoma, unairudisha. Hesabu ni ileile.

Majumba ya Ulaya niliyatoa. Nchi yetu ilikuwa bandari ya kubuni yenye sultani, misikiti ya mawe ya matumbawe, na kasri juu ya mwamba lililofanana sana na Husuni Kubwa ya Kilwa. Mwalimu anafundisha historia na hakosi nafasi ya kukukumbusha kwamba Ibn Battuta alipita Kilwa mwaka 1331, kwa hiyo nchi hiyo ilikuwa yake kuliko yangu. Alicheza paladini, askari aliyekula kiapo cha kuwalinda wanyonge. Muuguzi alikuwa mganga, fundi simu mchawi wa vitabu. Kazi yao: kijiji kimoja cha bara, watu wake walikuwa wakipotea msituni.

Na sasa kuna huyu wa bakuli.

Wahusika wasiofaa nimeona wengi. Kila kijana mgeni huja na yatima mwenye mapanga mawili asiyemwamini mtu, anakaa kona ya mkahawa wenzake wakipanga safari. Huyo dawa yake rahisi: mpe mdogo wake wa kike aliyepotea kwenye msitu uleule, ataongoza njia. Mhusika asiyelingana na hadithi unaweza kuivuta hadithi imfikie. Kazi iko kwa yule asiyelingana na mtu aliyeketi mbele yake. Wapo wasimulizi wanaosema mwambie abadilishe, basi. Sikubaliani nao. Mchezaji uliyemvalisha mtu asiyemtaka atakaa hapo akitazama simu, na utakuwa umepoteza kiti hata kama kimekaliwa.

Nikaacha tuanze. Saa nzima haikupita. Walipofika kijijini, wenzake wakihoji wazee, shemeji alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba. Alikuwa na mvuto wa 17, kiwango cha juu kuliko wote mezani, na korosho zikamkubali mno. Kabla jua halijazama alikuwa ameshanunua mtama wa nusu ya kijiji, ungali majani.

"Namkata," alisema mwalimu.

"Unamkata nani?"

"Huyu. Paladini wangu anachomoa upanga."

"Mwalimu, mhusika wangu ndivyo alivyo," shemeji akajibu, na hiyo ndiyo sentensi mbaya kuliko zote katika mchezo huu. Kila fujo niliyowahi kuiona mezani ilitanguliwa na hiyo.

Nikasema tunywe chai.

Shemeji nikamvuta uani, tukasimama karibu na bodaboda yake. Nikamuuliza anataka nini kwa mtu yule. Nilitarajia aseme anataka kuchekesha.

"Shem, mimi ndio nawabeba," alisema. "Wakija kununua huko vijijini wanakodi pikipiki. Wana utani, wanatoa soda, watoto wanawapenda. Nikirudi nyumbani najiuliza mtu kama yule kichwani mwake mna nini. Sasa hapa si ndio mahali pa kujaribu?"

Sikuwa na neno la kumkatalia. Nikampa masharti mawili: asiwaibie wala kuwalaghai wenzake wa mezani, na atafute sababu yake mwenyewe ya kuingia msituni, nisimburute. Akasema sababu anayo: watu wanaopotea ni wadeni wake.

Kwa mwalimu sikwenda na hotuba. Nilimuuliza kama mtu huyu atamharibia usiku wake. Akisema ndiyo, tunamfuta, na shemeji nitamalizana naye mwenyewe. Alikaa kimya kidogo akikoroga chai iliyokwisha korogwa. "Aje," alisema. "Ila mhusika wangu hatakula naye sahani moja."

Nikasema hiyo tunaiandika. Tukaiandika.

Maji yakichemka mara ya pili nilikuwa nimeshafuta jini langu la msituni. Mwanzo lilikuwa dubwana la pembe na makucha, la kupigwa hadi life, na katika vita vya namna hiyo mwenye bakuli hana kazi. Nikalifanya mnunuzi. Linanunua majina ya watoto ambao hawajazaliwa, linalipa dhahabu taslimu, na siku ya kukusanya mzigo wake, mzazi na mtoto wote wanaondoka.

Tuliporudi, wanakijiji waliwaficha mambo paladini, mganga na mchawi. Aliyeuza jina la mwanawe hamwambii mtu wa kiapo. Lakini shemeji alifungua daftari, nikamsomea madeni, akaninyamazisha kwa mkono.

"Ngoja. Nyumba hizi tatu zimemaliza deni?"

"Zimemaliza."

"Kabla ya mavuno?"

"Kabla."

"Hakuna anayemlipa kangomba kabla ya mavuno. Hela wametoa wapi?"

Fundi simu akapiga meza. Muuguzi ndiye aliyesema, "Kumbe kuna kangomba mwingine," akimtazama shemeji, na shemeji akainamia daftari lake akisoma karatasi tupu.

Wakaingia msituni, paladini mbele, mwenye bakuli nyuma kabisa. Njiani chakula kilipakuliwa sahani mbili.

Walipolifikia jini, shemeji alitaka kulinunua deni lote. Nikaweka kiwango 15. Akachomoa korosho namba 4, akajumlisha 3, nyongeza anayopewa mwenye mvuto wa 17, ikawa 7. Jini likamshika shingo, uhai wake ukafika sifuri. Kwa kanuni, aliyelala hivyo anachomoa kila zamu yake: 10 na kuendelea amefaulu, chini ya hapo amefeli, na akifeli mara tatu kabla ya kufaulu mara tatu amekufa. Akachomoa namba 1, ambayo huhesabiwa kufeli mara mbili.

Mganga alikuwa ameishiwa. Mwalimu alikuwa na alama moja tu ya uponyaji mikononi mwa paladini wake, na jini lililojeruhiwa likiwa limempa mgongo.

"Zamu yako, mwalimu."

Akasoma karatasi yake, akaisoma tena.

"Daftari liko wapi?"

"Mfukoni mwake. Limelowa."

"Linasomeka?"

Hilo sikuwa nimelipanga. "Halisomeki," nikasema. "Amebaki nayo kichwani tu."

"Namgusa," alisema mwalimu. "Akifa huyu, mashamba ya watu atayarudisha nani?"

Shemeji akakaa wima. "Nimeamka. Nina uhai kiasi gani?"

"Alama moja."

"Basi namwambia paladini asante sana. Halafu namuuliza: hii alama umenipa, au umenikopesha?"

Mwalimu akaitafuta korosho namba 1 mfukoni, akamtupia nayo kifuani.

"Nimekukopesha," alisema. "Na kipimo ni bakuli langu."